Plagini ilinionyesha besi ipo, kumbe nimeikata mwenyewe

Kuna kwaya moja ya Arua, Uganda, nilikuwa naimiksia wimbo (yaani nasawazisha sauti zote zikae pamoja), waimbaji 12, ngoma na adungu 3, vile vinubi vya nyuzi. Kama hujawahi kurekodi adungu, ile kubwa kuliko zote ndo besi yenyewe, ikitoka wimbo unabaki unaelea tu. Nikamaliza, nikatuma kwa WhatsApp, jioni mwalimu wa kwaya akanipigia: "Kijana wangu, wimbo mzuri, lakini adungu kubwa umeificha wapi?"

Nikafungua laptopu nikiwa nishajiandaa kubishana. Kwenye ekwalaiza ya ile adungu (ni plagini, yaani kiprogramu cha kuongeza ndani ya programu ya kurekodi, hii ni ya kupunguza au kuongeza sauti za chini na za juu), grafu inacheza, kilima cha besi kimesimama palepale karibu na 80 Hz (namba ikiwa ndogo sauti ni nene), hakijaguswa. Nikamwambia mwalimu hiyo ni simu yako, spika ndogo hazitoi besi. Akasema yeye amesikilizia kwenye spika za kanisani. Hapo nikawa mpole.

Nilipotulia nikagundua nimedanganywa na skrini mara mbili. Kwanza, filta ya kukata sauti za chini nilikuwa nimeiweka 40 Hz, yaani ikate zilizo chini ya hapo, sasa iko 180! Sikumbuki kuigusa hata kidogo. Kilichotokea ni kwamba laptopu yangu ni ya zamani, skrini ya 1366 kwa 768, na dirisha la ile plagini ni refu, chini linakatika, kwa hiyo nikawa naskrol kwa vidole viwili nikidhani litapanda kama ukurasa wa intaneti. Halipandi. Ila mshale ulikuwa umekaa juu ya nobu (kile kitufe cha kuzungusha) ya filta, na plagini nyingi ukiskrol juu ya nobu ndo unaizungusha hiyo, haikuulizi wala haikuambii.

Pili, grafu yenyewe ilikuwa inaonyesha sauti kabla haijapita kwenye ekwalaiza. Analaiza nyingi, yaani hizo grafu za sauti, zina kakitufe ka "Pre" na "Post", Pre ni sauti inavyoingia, Post ni inavyotoka, na yangu ilikuwa Pre tu. Kwa hiyo nakata besi huku naangalia picha ya besi ambayo haijakatwa hahaha. Na hako kakitufe kalikuwa wapi? Chini, palepale nisipoona.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ukifungua plagini mpya, tafuta pa kubadilisha ukubwa wa dirisha. Nyingine unavuta kona ya chini kulia, nyingine kuna menyu ya asilimia, weka 75 kama laptopu yako ni kama yangu. Kisha ukitaka kuskrol chochote, mshale utoe kabisa juu ya plagini.

Nobu nazo zilinitesa miezi. Zimechorwa za duara, basi na mimi nikawa nazungusha mausi kwa duara kama nafungua mfuniko wa chupa, namba zinaruka ovyo. Kwenye plagini nyingi unabonyeza unashikilia halafu unavuta juu kuongeza, chini kupunguza, basi. Ukitaka iende polepole shikilia Shift au Ctrl (kwa Mac ni Cmd), inategemea aliyeitengeneza. Kubonyeza mara mbili hapo usiende kichwa kichwa, kuna zinazorudi kwenye namba ya mwanzo na kuna zinazofungua kisanduku cha kuandika namba. Mimi siku hizi kama najua nataka 40 naandika 40, kuvutavuta naacha kwa vitu ninavyotafuta kwa sikio.

Halafu angalia kipimo cha grafu kabla hujaogopa au kufurahi. Pembeni kuna namba za dB (kipimo cha ukubwa wa sauti), unaweza kukuta grafu imewekwa mwisho 3 au mwisho 30. Ukiongeza 3 dB kwenye ile ya 3 kilima kinagonga dari, unaona umeharibu kila kitu, kwenye ile ya 30 ni kauvimbe tu, na sauti ni ileile. Kwa upande wa Hz pia nafasi hazigawanywi sawasawa, kutoka 100 hadi 1,000 ni upana uleule wa kutoka 1,000 hadi 10,000, kwa hiyo ukisogeza kidogo upande wa kulia umehama Hz nyingi sana.

Mita ya kompresa (plagini ya kukandamiza sauti ikizidi) ndo watu wengi wanaisoma vibaya, hasa zile zenye mshale kama mashine za zamani. Mara nyingi ni mita moja yenye kazi tatu, kuna swichi ya sauti inayoingia, inayotoka, na GR yaani kiasi inachokandamiza. Ikiwa kwenye GR, mshale unaanzia 0 unarudi nyuma, ukifika 3 maana yake imekandamiza 3 dB. Kama mwimbaji amenyamaza ili avute pumzi na mshale bado haujarudi 0, jua rilizi, yaani muda wa kompresa kuachia, ni ndefu mno. Kama haurudi wakati wote anaimba, mara nyingi threshodi (kiwango ambacho sauti ikikipita kompresa inaanza kukandamiza) umeishusha kupita kiasi, na ndo maana sauti inasikika imechoka.

Na ile baipasi (kitufe cha kuizima plagini kwa muda) ukitaka kulinganisha, sawazisha volumu kwanza, maana kilicho na sauti kubwa masikio yatakipenda tu hata kama ni kibovu.

Mwalimu nilimrekebishia usiku uleule, filta nikairudisha 40, analaiza nikaweka Post. Akanijibu kwa voisi noti, hakusema neno, aliweka simu karibu na spika tu, adungu inanguruma na watu nyuma wanapiga vigelegele.