Kuumwa kwa Kiingereza

Shangazi, ile sauti uliyotuma kwenye kundi la familia nimeisikiliza mpaka mwisho. Eti Hadija akija kusoma Uingereza asiogope kuumwa, hospitali bure, na Kiingereza anacho tangu chekechea.

Hiyo bure ataanza kuilipia kabla hajapanda ndege: mwanafunzi anatozwa pauni 776 kwa kila mwaka wa viza. Lakini mimi hela hainiudhi, kinaniudhi hicho Kiingereza. Cha mtihani anacho. Cha kuumwa hakufundishwa mtu.

Huku huanzi na daktari. Saa mbili asubuhi unapiga simu kliniki, unapangwa foleni humohumo kwenye simu, halafu mtu wa mapokezi anakuuliza una nini. Haya, mweleze tumbo linasokota, viungo vimelegea, mwili haujielewi. Binti mmoja Mkenya tunayefanya naye kazi kwenye nyumba ya wazee alimwambia msimamizi, “I was sick last night.” Alikuwa na mafua tu. Mwingereza akisikia hivyo anajua umetapika, na aliyetapika hawasogelei wazee mpaka zipite saa 48. Zamu za wikendi zikaenda, na ada ya mdogo wake Kisii ikaenda nazo.

Kwa hiyo Hadija, usipambe. Sema panauma wapi, tangu lini, maumivu yanakuja na kuondoka au yamekaa palepale. Wakikuuliza toka sifuri mpaka kumi yamefika ngapi, usilete adabu zetu za “sijambo kidogo”. Ukisema tatu huku umejikunja, utaambiwa ukanunue panadol. Kumi nayo usiitaje ovyo, wa kumi haongei na simu. Na kifua kichunge mdomoni: ukisema kinabana, ambulensi iko njiani, kumbe kikohozi. Ila kikibana kweli, anza na hicho, mengine baadaye.

Mkalimani yupo, halipiwi, omba. Mimi siombi. Waswahili wa mji huu tunajuana, sitaki habari za kibofu changu zinitangulie kwenye maulidi. Wewe omba.

Halafu ukitoka likizo Tanga ukashikwa na homa huku, taja malaria mwenyewe, siku hiyohiyo, useme ulikuwa wapi na umerudi lini. Usimngoje daktari aikumbuke.