Ukitaka Uzuri, Usikubali Kudhurika: Ushauri wa Msusi wa Moshi Kuhusu Nywele za Mbele

Juzi usiku nilikuwa nimefunga saluni, nimekaa kitandani najichua vidole na mafuta ya nazi, ikaingia meseji ya dada mmoja anayenisoma. Sendofu yake ni katikati ya Desemba, hapa hapa Moshi. Ametuma na picha ya upande wa kichwa. Kuanzia juu ya sikio mpaka kwenye panda la uso hakuna nywele. Zimebaki chache mbele kabisa, nyembamba, zimejipanga kama pindo la mkeka lililoanza kufumuka. Chini yake ameandika: "Dada naomba unibane poni ya juu, ubane sana na jeli ya kutosha, hapa pasionekane."

Niliisoma mara tatu. Usingizi ukakata.

Nimemkatalia hiyo poni, maana ni kuvuta nywele zote na kuzifunga kwa nguvu juu ya kichwa. Kukataa peke yake hakutoshi lakini, maana najua akitoka kwangu anakwenda kwa mwingine ambaye atambana. Na ninyi mnaonisoma wengi mnataka anachotaka yeye: nywele ndefu, zilizotulia, picha ipendeze. Hata mimi nazitaka. Ndiyo maana leo nasimulia jambo ambalo sijawahi kulisimulia kwenye ukurasa huu.

Kama wengi wenu, nilinyolewa tangu darasa la kwanza mpaka nilipomaliza kidato cha nne. Miaka 11. Kila nywele zikichomoza, mama ananiketisha uani na mkasi. Nikafika miaka 18 sijui nywele zangu zikikua zinafananaje, sijui zinaoshwa na nini, sijui zikisukwa zinakaa siku ngapi. Huwa nalifikiria sana jambo hili. Kila mwaka Novemba mitihani ya kidato cha nne ikiisha, mabinti wanaingia saluni na nywele za vidole viwili, wanataka rasta za kufika kiunoni. Siwalaumu. Hakuna aliyewafundisha, na kichwa chao ndiyo kwanza wanakutana nacho.

Mimi wa kwanza kunisuka alikuwa shangazi, huko Kibosho. Alinikalisha chini, kichwa akakibana katikati ya magoti, akanisuka twende kilioni, nywele zote zikavutwa kurudi nyuma. Machozi yalinitoka. Akaniambia lile neno ambalo nadhani kila msichana ameambiwa: ukitaka uzuri sharti udhurike. Nililishika neno lile kama amri. Nilipokuja kuwa msusi nikawa nawaambia wateja vilevile, kwa sauti ileile ya shangazi.

Miaka ya kujifunza naipita, ilikuwa ya kufagia nywele na kuosha mataulo. Tuje Desemba 2017.

Anayeijua Moshi anaijua Desemba yetu. Kuanzia tarehe 15 hivi mabasi ya kutoka Dar yanashusha watu usiku na mchana, Wachaga wanarudi nyumbani, na kila mwanamke anataka apande Machame au Rombo kichwa kikiwa kimekamilika. Nilikuwa nimeajiriwa saluni moja mjini. Tulikuwa tunakula tumesimama. Tarehe 23 akaja dada wa makamo kutoka Dar, mpole, nywele zake za dawa ya kunyoosha. Asubuhi tukamtachi dawa, yaani tukampaka kwenye zile zilizoota upya. Jioni bosi akasema nimsuke rasta ndogondogo, paketi saba, siku ileile.

Leo nikikumbuka nasikia baridi. Dawa kali za saluni zina kostiki soda, hii hii inayotengenezewa sabuni. Ukali wake unazidi 12 kwenye kile kipimo cha pH ambacho maji safi ni 7 na nywele zenyewe zinatulia karibu na 5. Kazi yake ni kuvunja vifungo vilivyomo ndani ya unywele ili ule mjikunjo unyooke. Unywele uliotoka kwenye dawa asubuhi ni kama uzi uliolowa. Mimi jioni nikautundika mzigo.

Nilianzia kichogoni, nikamalizia mbele. Nilikuwa nachukua vinywele vya pembeni vilivyo laini kama vya mtoto, nakamata na kucha, navuta, napiga fundo. Ngozi ya paji ilinyanyuka mpaka nyusi zikapanda. Bosi alikuwa amesimama mgongoni kwangu anasema, bana, bana, zisije zikalegea huko mlimani. Yule dada akauliza taratibu, "Mbona zinauma hivi?" Nikamjibu: ukitaka uzuri sharti udhurike. Akameza panadoli mbili, akalipa, akaniachia na bakshishi.

Alirudi Pasaka, na rasta zilezile. Miezi mitatu na zaidi. Hilo lilikuwa kosa lake, nalitaja kwa sababu wengi mnalifanya, mnahesabu hela mliyotoa badala ya kuhesabu wiki. Akakaa, nikaanza kufumua. Nilipofika juu ya sikio la kushoto, rasta moja ilibaki mkononi mwangu. Sikuivuta. Ilijiachia yenyewe, na kwenye shina lake kulikuwa na vitone vyeupe, vidogo kama punje za chumvi. Ikafuata ya pili. Chini yake ngozi ilikuwa tupu.

Hakupiga kelele. Alichukua mtandio wake, akajifunika, akaniuliza kama zitaota tena. Sikuwa na jibu. Bosi alikuja, akaangalia, na mbele ya wateja wote akasema mikono yangu ni mizito na ameshanionya mara nyingi. Hakuwahi kunionya. Mwisho wa mwezi nikakatwa 60,000. Ile hela nilishaisamehe. Kusimamishwa mbele za watu na mtu yuleyule aliyeniambia bana, hilo bado liko kifuani.

Mteja mmoja muuguzi alinivuta pembeni akasema, mpelekeni hospitali ya KCMC, kitengo cha ngozi. Watu wa Moshi tumezoea kupita pale bila kujua tulichonacho: kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na kipo hapa hapa kwetu. Niliomba ruhusa, nikanyimwa, nikaenda na yule dada hivyohivyo. Huko ndiko nilikojifunza kitu ambacho miaka yote ya saluni sikufundishwa. Ukiangalia ngozi iliyopungukiwa nywele, tafuta vile vitundu vidogo vinavyotokea nywele. Vikiwepo, mzizi bado upo, ukiacha kuuvuta unaweza kurudi. Ngozi ikishakuwa laini kabisa, inang'aa kama kovu la moto, pale nywele haitoki tena, upake mafuta ya aina yoyote. Na zile nywele chache nyembamba zinazobaki mbele kabisa, kama za huyu bibi harusi wa juzi, ndizo alama ya kichwa kilichovutwa muda mrefu.

Yule dada aliacha kusuka mwaka mzima. Alikaa na nywele fupi na vitambaa vya kichwa, nami nikawa nampigia simu kila mwezi kama ndugu. Nywele huota kama sentimita moja na kidogo kwa mwezi, ukipata bahati ya afya na lishe. Desemba 2018 alipokuja upande wa kulia ulikuwa umefunga. Kushoto pamebaki kipande ukubwa wa sarafu mpaka leo. Bado ni mteja wangu, na kila akija natazama pale kwanza kabla ya kumsalimia vizuri.

Mwaka uliofuata nikaondoka kwa yule bosi. Nikapanga chumba kimoja Majengo, viti viwili, draya moja ya kusimama, na ukutani nikabandika karatasi niliyoandika kwa mkono: HAPA HATUBANI. Watu walinicheka, wasusi wenzangu wakasema nitakufa njaa. Sasa Desemba nafunga daftari la miadi kabla ya tarehe 10. Nalisema kwa kujivunia kwa sababu nililipia.

Sasa nisikilizeni, wadogo zangu.

Rasta zikikuuma, zinakung'oa. Hakuna maumivu ya kawaida ya kusuka. Usiku wa kwanza ukishindwa kulaza kichwa, au asubuhi ukaona vipele vyenye usaha kwenye mstari wa mbele, usimeze panadoli, fumua zile za mbele. Hata kama umelipa 50,000. Fumua.

Mnazipenda sana siku hizi hizi rasta zisizo na fundo, notilesi, na mnaambiwa ni salama. Ni afadhali, kweli, kwa sababu msusi anaanza na nywele yako mwenyewe na kuongeza rasta kidogokidogo, shina halibebi fundo. Lakini notilesi ya paketi saba inayofika kiunoni ni mzigo uleule. Nimewaona waliopoteza nywele na notilesi kichwani. Mwambie msusi apunguze paketi, mistari iwe mikubwa, urefu uishie mabegani, na mbele aache nywele laini nje bila kuzigusa. Picha uliyomletea kutoka Instagram ilipigwa dakika ambayo kichwa kimetoka mikononi mwa msusi. Wiki ya tatu hawaipigi picha.

Wiki sita, mwisho nane. Nikisema hivi mnaniambia, "Dada, nikifumua mapema nywele zinakatika nyingi." Hazijakatika. Kichwa cha kawaida kinaangusha nywele kati ya 50 na 100 kwa siku. Ukisuka haziwezi kudondoka, zinabaki zimeshikwa. Ukikaa wiki sita ukafumua, zinatoka zote pamoja, elfu mbili na zaidi, unaona bonge kwenye chanuo unapiga kelele. Zile zilishaaga zamani. Za kuogopa ni zile zinazotoka vipandevipande, fupifupi, hazina kitone cheupe kwenye shina. Hizo ndizo zimekatika.

Dawa na kusuka visikutane. Ukitachi dawa, kaa angalau wiki mbili na nywele zako, uzistimu kwa mvuke, upumzike. Na usitachi kila mwezi, subiri wiki nane hata kumi, na dawa ipakwe kwenye ile iliyoota tu. Msusi akianza kukuchana kwa nguvu na kukukuna kabla ya dawa, inuka. Akisema vumilia dakika tano huku kichwa kinawaka, inuka ukaoshwe.

Kuhusu parachichi: tunayo mengi huku, najua, na mnaambiwa mpake. Kuleni. Likisagwa likapakwa kichwani linabakiza vipande, niliwahi kukaa zaidi ya saa nzima namtoa mtu makapi. Mafuta ya nazi yanapenya ndani ya unywele kuliko mengi ya madukani, pakeni hayo, kidogo, kabla ya kuosha. Baridi ya Juni na Julai, hasa ndugu zangu wa Arusha, mkivaa zile kofia za sufu wekeni kitambaa laini cha satini ndani. Sufu inasugua palepale mbele.

Na wewe msusi unayenisoma, mteja akikuambia bana, una haki ya kukataa. Atanuna. Atatoka aende jirani. Mwache aende, atarudi. Ukimbana ukamharibu, hata aliyekuagiza atakukana mbele za watu. Mimi nimekanwa.

Mdogo wangu wa sendofu, picha yako nimeikuza nikaitazama kwenye mwanga. Upande wa kulia vitundu naviona. Kushoto sina hakika, kwa hiyo kabla hujaja kwangu nenda ngozi KCMC. Poni sitakufanyia. Tutakusuka mistari mikubwa minne ya kulegea kurudi nyuma, juu tufunge kilemba cha kitambaa kilekile cha gauni, kishuke kidogo upande wa kushoto. Mwambie fundi wako akuachie mita moja na nusu. Usiweke dawa, usiweke jeli kuanzia leo. Njoo Jumatatu asubuhi, siku hiyo saluni huwa haina watu, tutakaa wawili tu.