Kufuzu Mbio za Dunia za Magari ya Rimoti Ukiwa Uganda

Watu wengi hudhani kikwazo ni bei ya gari. Kikwazo cha kwanza ni karatasi. Shirikisho la dunia la mchezo huu, IFMAR, halipokei dereva anayejiombea nafasi mwenyewe. Nafasi hugawiwa kanda nne: EFRA ya Ulaya, ROAR ya Amerika Kaskazini, FEMCA ya Mashariki ya Mbali, na FAMAR, ambamo Afrika Kusini imo na ndiyo iliyoandaa mbio za dunia za magari ya umeme ya lami mjini Welkom mwaka 2018. Kanda huzigawa nafasi zake kwa vyama vya nchi, na chama cha nchi ndicho kinachopeleka majina. Kwa hiyo dereva wa Kampala au Jinja agonge mlango wa FAMAR kwanza, aulize leseni ya dereva inapatikana kupitia chama gani, na aulize mapema. Kila daraja la magari hushindaniwa mara moja kwa miaka miwili, na ukichelewa orodha, unasubiri miaka miwili mingine.

Ombi lako liambatane na matokeo yaliyopimwa kwa transponda, kifaa kidogo kwenye gari kinachohesabu mizunguko na muda. Andika idadi ya mizunguko na muda wote, si mzunguko wako mmoja wa kasi. Anayechagua majina anataka kujua kama unamaliza mbio.

Na hilo ndilo linaloamua hata ukishafika. Katika raundi za kufuzu, saa ya kila gari huanza linapovuka mstari, kisha madereva hupangwa kwa mizunguko na muda. Wa kwanza hupata 0, wa pili 2, wa tatu 3, na kuendelea. Mwenye pointi chache ndiye aliye juu. Raundi zako bora tu ndizo huhesabiwa. Kupinduka mara moja hukugharimu sekunde nyingi kuliko unazookoa kwa kuruka tuta kwa pupa, kwa hiyo raundi ya kwanza iendeshe kwa utulivu, uweke matokeo ya kutegemea, ndipo ujaribu kasi. Ukishashuka kwenye jukwaa la madereva, nenda moja kwa moja kusimama uwanjani kuinua magari yanayopinduka ya kundi linalofuata. Asiyetokea hufutiwa raundi yake bora, na wageni hupoteza nafasi hivi kila mara.

Kwa barabara zetu za marram, bagi ya 1:8, yaani gari la nje ya lami lenye ukubwa wa sehemu moja ya nane ya gari halisi, ya injini ndiyo inayofaa kujifunzia: injini ya sentimita za ujazo 3.5, tangi lisilozidi 125. Vumbi letu jekundu ndilo adui. Chujio liwe la sponji ya tabaka mbili, lipakwe mafuta yake, lioshwe kila siku ya mazoezi, na shingo lake likazwe kwa kamba ya plastiki. Vumbi likipenya, pistoni na silinda huchubuka, mgandamizo unapotea, na injini haiwaki tena ikiwa moto.

Sasa jambo ambalo dereva wa Uganda lazima alielewe kuliko wenzake. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Injini iliyorekebishwa hapa sindano yake, skrubu inayopima mafuta yanayoingia, imefungwa ili mafuta yalingane na hewa hiyo. Ipeleke ilivyo kwenye uwanja ulio usawa wa bahari, hewa inakuwa nzito, mafuta yanapungua kwa kulinganisha, na injini inaungua. Kabla ya kuwasha, fungua sindano kubwa robo mzunguko. Kisha ifunge kwa sehemu ya 12 ya mzunguko kila mara, kama hatua ya saa moja kwenye uso wa saa, ukiacha gari lipige mizunguko mitatu kati ya hatua na hatua. Moshi lazima uonekane kwenye sehemu ndefu ya uwanja. Joto la kichwa karibu na plagi libaki takriban nyuzi 100 hadi 120. Injini ikiendelea kulia juu baada ya kuachia mafuta, umefunga mno. Rudisha mara moja. Mwenye uwezo wa kufika Mombasa na afanye zoezi hili huko kwanza. Nauli ya basi ni nafuu kuliko injini.

Mafuta ya nitro, yanayotumiwa na injini hizi, hayaruhusiwi ndani ya ndege, kwa hiyo agiza huko uendako na uulize asilimia ya nitro, maana ikibadilika, sindano nayo hubadilika. Betri za LiPo (lithiamu-polima) zisafiri kwenye mzigo wa mkononi, ncha zikiwa zimezibwa kwa utepe, kila seli ikiwa na volti 3.8 hivi. Zidisha volti kwa ampea-saa: 7.4 mara 6 ni wati-saa 44.4, chini ya kikomo cha wati-saa 100 cha mashirika ya ndege. Wanaokimbiza magari ya umeme ya seli mbili wakumbuke kwamba mkaguzi hupima betri kabla ya mbio, na volti 8.41 pale kikomo ni 8.40 inatosha kukurudisha mezani.