Simama pale unapoweza kukimbia

Mdogo wangu unayeanza kazi ya kibendera, yaani kusimamisha na kuruhusu magari panapojengwa barabara, siku ya kwanza fomeni atakupa kizibao cha reflekta, kofia ngumu na kibao chenye wekundu huku na kijani kule, kisha atanyoosha kidole: "Kasimame pale." Usikimbilie pale. Jiulize kwanza, gari lisiposimama nakimbilia wapi? Kama nyuma yako kuna mtaro wenye kina, lundo la kifusi au greda linalorudi nyuma, mwambie fomeni akusogeze. Atanuna, atazoea.

Lori au basi likiwa kwenye mwendo wake halali wa kilomita 80 kwa saa, linakula mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja kukuona, mita hizo zimekwisha na breki bado hajaigusa. Kwa hiyo kabla hujaanza zamu, tembea ukavione vibao vya tahadhari kwa macho yako. Upepo wa malori huviangusha. Koni nazo huhama. Moja niliikuta kwa muuza mahindi, inamlindia nafasi ya wateja kuegesha.

Wageni wengi huogopa malori. Mimi naogopa bodaboda. Huku tunaendesha kushoto, nawe unasimama kwenye bega la barabara upande huohuo, na bega ndiyo njia ya mkato ya bodaboda foleni ikisimama. Siku moja nimeshasimamisha semi, nimegeuka kidogo kumsikiliza mtu wa kijiko, ile mashine ya kuchimba. Pikipiki ikachomoka kati ya semi na koni, kioo chake kikanipiga kiwiko, redio ikaruka mtaroni. Kuanzia hapo mgongo wangu haujawahi kuangalia magari yanayokuja. Anayetaka kuongea nami aje mbele yangu. Na koni naziweka karibu-karibu mpaka ukingoni, boda asipate upenyo.

Jioni ni ngumu zaidi. Ukiwa barabara ya Morogoro, umepita Kibaha, magari ya kutoka Dar yanaelekea magharibi. Jua linashuka mgongoni kwako, dereva anaona mwanga mtupu. Omba mwenzako mwingine akae mbele zaidi, atikise bendera kabla hawajakufikia wewe. Foleni ikirefuka mpaka ikapita kona, huyohuyo aifuate mkiani, maana anayegongwa hapo ni gari la mwisho.

Pale penye njia moja, usifungue mpaka mwenzako wa upande wa pili athibitishe kwenye redio gari la mwisho ni lipi, rangi na namba. Redio ikiisha chaji, tunampa dereva wa mwisho tawi amkabidhi mwenzetu kule. Sasa natumia kitambaa chekundu kikubwa, kwa sababu dereva mmoja wa fuso aliwahi kusahau, na mwenzangu akazuia foleni yake robo saa nzima akisubiri tawi lililokuwa linakaribia Chalinze.