Usimwachishe mama Lasix kwa sababu ya mzio wa Septrin

Umeandika kwamba mama yako alitokwa na vipele mwili mzima alipomeza Septrin miaka iliyopita, kwamba anatumia Lasix, dawa ya kutoa maji mwilini, tangu mwaka jana bila hata kujikuna, na kwamba usiku huu unataka kumwachisha kwa sababu muuza dawa amekwambia hiyo nayo ni salfa, jamii moja na Septrin. Tafadhali usimwachishe.

Mimi nilimwachisha baba yangu, mgonjwa wa moyo, dawa hiyohiyo kwa maneno hayohayo. Kijana wa duka la dawa la mtaani kwetu, ambaye nadhani koti lake jeupe lilikuwa limesoma kumzidi, aliona neno "salfa" kwenye kadi ya baba, akatikisa kichwa kama profesa na kutuuzia unga wa mitishamba wa "kusafisha figo". Baada ya siku chache miguu ya baba ilivimba hadi ndala zikakataa kuingia, akawa analala ameketi kwa kuwa kila alipojinyoosha alikosa pumzi, nasi tukajiambia kwamba ni uzee. Tulimfikisha hospitali maji yakiwa yamejaa kwenye mapafu. Akawekewa oksijeni, na dawa ya kwanza kuchomwa kwenye mshipa ilikuwa Lasix. Nilipomfokea daktari kwamba mzee ana mzio, alinitazama kidogo, kisha akaendelea kusukuma bomba la sindano. Baba hakuwashwa popote. Bili ilimeza ada ya mdogo wangu, na muuza unga hajawahi kuuliza hali ya mgonjwa.

Daktari alitueleza baadaye kwamba salfa za kuua vijidudu, kama iliyomo ndani ya Septrin na ile ya Fansidar ya malaria, zina kikundi cha amini ambacho mwili hukigeuza kuwa kemikali zinazoweza kuamsha mzio, na kwamba Lasix na vidonge vingi vya presha vya jamii hiyo havina kikundi hicho mahali hapo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2003 katika New England Journal of Medicine uliona kwamba watu wenye mzio wa salfa za antibiotiki walidhurika zaidi na penisilini kuliko na salfa zisizo antibiotiki. Yaani ni miili yao iliyo myepesi kupata mzio. Dawa ya kuogopa kweli ni salfasalazini, inayotumika kwa baridi yabisi na uvimbe wa utumbo, kwa sababu ikifika tumboni huvunjika na kutoa salfa ya aina ileile ya antibiotiki. Vilevile mjamzito mwenye mzio huu aseme kabla hajapewa SP (yaani Fansidar ileile) ya kuzuia malaria.

Kwa hiyo dawa ya moyo au presha isimamishwe na aliyeiandika, si na aliyeiuza. Mpeleke mama kliniki kesho na pakiti zake zote, ueleze ni dawa gani ilimdhuru na ilimfanya nini, hasa kama alipata vidonda mdomoni au ngozi ilibambuka, kisha uombe kadi ifutwe neno "salfa" na kuandikwa "Septrin: vipele". Akivimba midomo au akibanwa pumzi kabla ya hapo, mkimbize hospitali usiku huohuo, na usipitie dukani.