Aberdare kwa Siku Moja: Gari, Lango na Saa

SWALI: Sisi ni familia ya watu watano hapa Buruburu. Shule zikifungwa Agosti tunataka kwenda Mbuga ya Kitaifa ya Aberdare na kurudi siku hiyo hiyo. Gari letu ni saluni. Je, litafika? Tupitie Naivasha au Nyeri? Nyanya ya watoto ana presha. Je, mwinuko utamsumbua?

JIBU: Mama, saluni iacheni nyumbani. Barabara za mbugani ni murram na udongo wa mfinyanzi. Mvua ya usiku mmoja huufanya udongo huo uteleze kama sabuni, na saluni hukwama kwa tumbo kwenye mifereji iliyochimbwa na magari makubwa. Kodini gari linalosukuma magurudumu yote manne, na kabla ya kulipa mwambieni mwenyewe awaonyeshe likifanya hivyo. Yapo magari marefu yenye sura hiyo ambayo husukuma magurudumu mawili tu. Kagueni pia tairi la akiba, jeki na spana yake.

Kuhusu njia, amueni kwanza mnachokitaka, maana siku moja haitoshi vyote viwili. Wanyama ni wengi zaidi upande wa Nyeri, kwenye msitu wa Salient, ambako ndovu na nyati hufuata maji na chumvi. Mandhari yako juu, na kwa kutoka Nairobi tunawashauri njia ya Naivasha: mkwee Kinangop hadi Ndunyu Njeru, kisha lango la Mutubio. Jazeni tangi Naivasha, maana ndani ya mbuga hakuna petroli. Lipieni kiingilio kwenye eCitizen mkiwa bado mjini. Mlimani mtandao hupotea, na langoni hawapokei pesa taslimu.

Ondokeni saa kumi alfajiri. Agosti milima hii hufunikwa na ukungu, na jua likipanda hewa yenye unyevu hupanda nalo, ikageuka wingu juu ya nyasi. Mkifika Karuru mapema mtayaona maporomoko yote matatu, jumla ya mita 273, na maporomoko ya Gura ng'ambo ya bonde. Mkichelewa mtasikia maji tu. Waonyesheni watoto mito hiyo: sehemu kubwa ya maji ya mabomba ya Nairobi hutoka milima hii, kupitia mabwawa ya Ndakaini na Sasumua. Bongo, yaani swala wa msituni mwenye mistari, msiwaahidi, wamebaki wachache mno.

Kwenye tope, ingizeni gia ya chini kabla ya kulifikia, kisha mwende polepole bila kusita. Magurudumu yakizunguka bure, ondoeni mguu kwenye mafuta. Mkizidisha mnachimba shimo. Mteremko wa kurudi ndio huumiza magari zaidi. Dereva akikanyaga breki mfululizo, breki hupata moto, mafuta yake huchemka na pedali huzama. Ateremke kwa gia ya kwanza au ya pili. Gari la otomatiki atumie L au 2. Akisikia harufu ya kuungua, aegeshe mahali salama breki zipoe.

Nyanya amwone daktari wake kwanza. Nairobi iko mita 1,700 hivi, na Mutubio ni zaidi ya 3,000. Huko juu baridi ni kali, na mtu huchoka upesi. Abebe dawa zake, anywe maji, avae sweta mbili, na asishuke ngazi za Karuru. Akiumwa kichwa sana au akikosa pumzi akiwa ameketi, teremkeni mara moja.

SWALI: Ndovu akisimama katikati ya barabara, tupige honi? (Msomaji, Kasarani)

JIBU: Hapana. Simama mbali, acha injini ikiunguruma, na usimzibie njia ya kuingia msituni. Akitandaza masikio na kukukabili, rudi nyuma taratibu. Kona za Aberdare ni fupi na mianzi huziba macho, kwa hiyo kilomita 20 kwa saa zinatosha hata pale sheria inaporuhusu 40. Mkimwona mtoto wa ndovu upande mmoja, msipite: mama yake huenda yuko upande wa pili.