Unakuja Tabora kutafiti kuni za tumbaku? Angalia kwanza kalenda ya mkulima

Mwanafunzi wa uzamili akinipigia kuomba ushauri wa utafiti wa misitu na tumbaku huku kwetu, namuuliza kwanza: unakuja mwezi gani? Wengi husema Agosti, andiko likishapitishwa chuoni. Agosti mabani, yaani majengo ya kukaushia tumbaku, yamepoa. Utakuta majivu na mkulima anayewaza malipo yake.

Njoo kati ya Januari na Machi. Njia za Urambo na Kaliua zitakuwa tope tupu na bodaboda atakupandishia nauli, lakini moto utaukuta unawaka. Tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la tanuri la kuni, hukaa banini takribani wiki moja, joto likipandishwa taratibu: jani ligeuke njano, likauke, mwisho ukauke uti wake. Majani huchumwa kwa awamu kuanzia ya chini, kwa hiyo bani moja hujazwa mara kadhaa kwa msimu. Usipime mjazo mmoja ukazidisha. Majani ya juu ni mazito na hukawia kukauka, hivyo hula kuni zaidi.

Halafu beba mzani wa kuning'iniza. Dodoso litakuletea jibu la "tela mbili", nawe hujui tela la nani, limejazwa hadi wapi. Mimi nilikuwa nakaa mlangoni mwa tanuri na mtoto wa mwenye bani; kila gogo linapita mzanini kabla ya kuingia motoni, yeye anasoma, mimi naandika. Kazi ya kuchosha, na moshi ule haukuachi hata ukioga. Andika pia kuni zilikatwa lini. Gogo bichi lina maji mengi. Ukilichanganya na kavu, kilo zako hazina maana. Ukiweza, chukua vipande vidogo ukavikaushe maabara.

Siku ya kwanza usiulize miti inakatwa wapi. Mgeni mwenye daftari anayeuliza habari za miti, kwa macho ya kijiji, ni afisa misitu. Zungumzeni bani: nani alilijenga, linavuja wapi, linamaliza kuni kiasi gani. Habari za miombo ya jirani kuisha na safari za kufuata kuni mbali watakueleza wenyewe.

Daftari la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, litakuonyesha miche ya miti iliyogawiwa. Nenda shambani ukahesabu iliyo hai, maana mchwa, ng'ombe na kiangazi havisomi daftari.

Barua? Chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, halmashauri, kata, kijiji. Toa nakala za kutosha, na usimruke mtendaji wa kijiji.

Msimu ukiisha, mwachie kila mkulima hesabu ya kuni zake kwenye karatasi. Mmoja wa wale wangu aliitumia kumbana muuza kuni aliyekuwa akimjazia tela nusu kwa bei ya tela zima.